Je, Wajua? Siku 21 Ndani ya Ng'ombe

Kwa mfugaji, mzunguko wa uzazi wa ng'ombe ni saa chache za joto, kisha kungoja. Ndani ya mnyama hakuna kungoja: ubongo, ovari, kizazi na damu vinapelekeana habari usiku na mchana. Kwamba wapeleka habari ni homoni, hilo wengi tunalijua. Tusilolizoea ni kwamba nyingi ya habari hizo hupitia pia kwenye mfumo wa kinga, huu huu tunaoukumbuka siku ng'ombe anapopata ndigana kali. Haya hapa, moja baada ya jingine.

SAA ZA JOTO

1. Je, wajua kuwa siku 21 ni wastani tu? Ng'ombe mwenye afya, asiye na mimba, hurudi kwenye joto wakati wowote kati ya siku ya 18 na ya 24. Mitamba hutangulia kidogo. Akirudi baada ya siku 10, huenda moja ya zile dalili mbili ulizoona haikuwa ya joto la kweli. Akirudi baada ya siku 35, huenda joto la katikati lilikupita, au mimba ilitunga ikapotea.

2. Anayempanda mwenzake si lazima awe ndiye mwenye joto. Dalili ya kuaminika ni moja: ng'ombe anayesimama tuli wenzake wakimpanda. Kulialia, kunusanusa, maziwa kupungua, ute mwangavu unaoning'inia ukeni bila kukatika, manyoya ya kiunoni yaliyovurugika. Yote hayo yanakuambia uvute kigoda ukae uangalie.

3. Joto la ng'ombe wengi hudumu saa 12 hadi 18. La zebu na Boran huwa fupi zaidi, na mara nyingi huangukia usiku, mfugaji akiwa amelala. Ndiyo maana mtu huapa kwamba ng'ombe wake "haombi dume", kumbe anaomba saa nane za usiku.

4. Je, wajua kuwa ini linaweza kulifupisha joto? Ng'ombe wa maziwa mengi hula sana, na anayekula sana hupitisha damu nyingi kwenye ini. Ini ndilo linaloiondoa kwenye damu estrojeni, homoni inayoleta joto. Kwa hiyo ng'ombe huyo anaweza kuwa na kifuko cha yai kikubwa kinachotengeneza homoni ya kutosha, lakini homoni yenyewe haikai. Joto lake huweza kushuka hadi saa 8 au chini ya hapo.

5. Yai hutoka joto likiwa limekwisha. Kwa kawaida ovari huliachia saa 28 hivi tangu joto lianze. Yai likishatoka huishi saa chache tu, na mbegu za dume nazo zinahitaji saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi kabla hazijaweza kulirutubisha. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kanuni ya wahimilishaji: aliyeonekana asubuhi apandwe jioni, aliyeonekana jioni apandwe kesho asubuhi. Msingi wake uliwekwa na G. W. Trimberger huko Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940, na hadi leo unafanya kazi.

6. Umeona damu kidogo mkiani au ukeni siku moja hadi tatu baada ya joto? Usikimbilie simu kumwita mhimilishaji, umechelewa. Estrojeni ilipanda, kisha ikashuka ghafla, na mishipa midogo ya kizazi ikavuja. Mitamba huonyesha hivyo zaidi kuliko ng'ombe wazima. Damu hiyo haisemi kwamba ameshika, wala haisemi kwamba hakushika. Inasema tu kwamba joto limepita. Andika tarehe, kisha anza kumwangalia tena kuanzia siku ya 16 au 17 baada ya damu.

7. Joto la kwanza baada ya kuzaa mara nyingi huwa la kimya. Yai hutoka, lakini ng'ombe haonyeshi chochote, kwa sababu ubongo hauitikii estrojeni vizuri mpaka uwe umekwisha kuonja homoni nyingine, projesteroni, kwa siku kadhaa. Joto la pili ndilo litakalosikika.

UBONGO NA OVARI

8. Homoni inayoanzisha yote haya ni ndogo ajabu: amino asidi 10 tu zilizofungamana. Inaitwa GnRH, na hutoka kwenye haipothalamasi, chini ya ubongo. Roger Guillemin na Andrew Schally walishindana miaka mingi kuichambua, Guillemin akitumia ubongo wa kondoo na Schally wa nguruwe, vipande mamia ya maelfu kutoka machinjioni. Mwaka 1977 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa pamoja. Leo daktari wa mifugo anabeba nakala yake iliyotengenezwa maabara, ndani ya chupa ndogo mkobani.

9. Je, wajua kuwa ovari ya ng'ombe haingoji siku ya 21 ndipo ikuze yai? Katika mzunguko mmoja hutokea mawimbi mawili au matatu. Kila wimbi huanza na kundi la vifuko vidogo, halafu kimoja hutangulia. Kikifika kipenyo cha milimita 8 au 9 hivi, hutoa estrojeni na inhibini, ambazo hupunguza homoni ya FSH inayovilisha vyote. Chenyewe huhamia kwenye homoni nyingine, LH. Wenzake hufa njaa. Lakini projesteroni ikiwa bado juu, hata mshindi huyo naye hufa, na wimbi jingine huanza. Ni mshindi wa wimbi la mwisho pekee anayeachia yai.

10. Ovari ya kulia hufanya kazi zaidi. Kati ya mayai 10, kama 6 hivi hutokea upande huo.

11. Estrojeni ina sura mbili. Ikiwa kidogo, huuzuia ubongo usitoe GnRH nyingi. Ikipanda sana wakati projesteroni imeshuka, huusukuma ubongo huo huo ufungulie LH kwa wingi, na saa chache za mmiminiko huo ndizo zinazoamua saa ya yai kutoka. Ng'ombe aliyekimbizwa, aliyepigwa au aliyesafirishwa siku hiyo hutoa kotisoli, na kotisoli huweza kuuchelewesha au kuuzima mmiminiko huo. Ng'ombe wa kupandwa haburuzwi.

12. Kutoka kwa yai ni mchochota, ule uvimbe wenye joto na wekundu unaouona pembeni mwa kidonda. Mwanasayansi Lawrence Espey alilitoa wazo hilo mwaka 1980, na ushahidi umelijalizia. LH ikifika, ukuta wa kifuko hujaa prostaglandini, mishipa ya damu huvuja, seli nyeupe za damu hukusanyika, na vimeng'enya hulainisha ukuta mpaka upasuke. Watafiti walipoweka dawa ya kuzuia prostaglandini ndani ya kifuko cha ng'ombe, yai lilikwama humo humo.

MWILI NJANO

13. Pale yai lilipotoka hubaki jeraha. Jeraha hilo hujaa damu, na ndani ya siku chache hugeuka kuwa tezi inayoitwa mwili njano, kiwanda cha projesteroni. Hukua kwa kasi inayolinganishwa na ya saratani kali, ila yenyewe inajua pa kukomea. Karibu nusu ya seli zake ni za mishipa ya damu.

14. Nani huichora mishipa hiyo? Sehemu ya kazi hufanywa na neutrofili, seli nyeupe za damu ambazo kwa kawaida tunazikuta kwenye usaha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Obihiro, Japani, walionyesha kwamba neutrofili huingia kwa wingi kwenye mwili njano unaoanza, zikiitwa na kiashiria cha kinga kiitwacho interlukini 8, na humo husaidia mishipa mipya kuota.

15. Projesteroni hufunga milango. Huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, hutuliza misuli, na huuzuia ubongo usianzishe joto jingine. Pia hupunguza ukali wa kinga ndani ya kizazi, ili kiinitete, ambacho nusu yake ni cha baba na hivyo ni kigeni kwa mama, kisishambuliwe. Faida hiyo ina gharama yake: uchafu ukiingia kizazini wakati projesteroni iko juu, ni rahisi kugeuka ugonjwa. Wakati wa joto hali ni kinyume, kinga iko macho.

16. Kwa sababu hiyo, kumhimilisha ng'ombe asiye kwenye joto ni hatari mara mbili. Unaweza kupeleka vijidudu mahali pasipo na ulinzi, na kama kumbe ana mimba, mrija ukipita kwenye mlango wa kizazi anaweza kuitupa.

17. Je, wajua kuwa kizazi ndicho kinachoua mwili njano? Leo Loeb aliligundua jambo hili mwaka 1923 kwa panya wa Guinea: alipowaondoa kizazi, mwili njano uliendelea kuishi. Ng'ombe naye yuko hivyo. Aliyeondolewa kizazi huacha kurudi kwenye joto, ingawa ovari zake ni nzima. Mwanamke hayuko hivyo. Kizazi chake kikiondolewa, ovari huendelea na mzunguko wake kama kawaida.

18. Silaha ya kizazi ni prostaglandini F2 alfa. Ikiingia kwenye mzunguko mkuu wa damu, sehemu kubwa huvunjwavunjwa ikipita mapafuni mara moja tu. Basi inafikaje kwenye ovari? Kwa njia ya mkato. Ateri inayopeleka damu kwenye ovari imejisokota juu ya vena inayotoka kizazini, kuta zimegusana, na homoni hupenya kutoka mshipa mmoja hadi mwingine bila kuzunguka mwili.

19. Njia hiyo ni ya upande kwa upande. Pembe ya kulia ya kizazi huongea na ovari ya kulia, ya kushoto na ya kushoto. Anayepandikiza kiinitete kwa hiyo hupapasa kwanza ajue mwili njano uko upande gani, kisha hukiweka kwenye pembe ya upande huo huo.

20. Mwili njano hushiriki katika kifo chake. Hutengeneza oksitosini, homoni ile ile inayoshusha maziwa. Oksitosini hukichochea kizazi kitoe prostaglandini. Prostaglandini hukamua oksitosini zaidi kutoka mwili njano. Duru hiyo hujirudia kwa mapigo kuanzia siku ya 16 au 17, na projesteroni huporomoka.

21. Baada ya homoni kutoa hukumu, seli za kinga huja kumaliza kazi. Makrofaji na limfosaiti T humiminika ndani, hutoa viashiria kama TNF alfa na interferoni gama, na seli za mwili njano hufa kwa utaratibu na kuondolewa. Hivyo mfumo mmoja wa kinga huijenga tezi hii mwanzoni mwa mzunguko na kuibomoa mwishoni.

22. Sindano ya prostaglandini anayopigwa ng'ombe ili "aletwe kwenye joto" inafuata njia hiyo hiyo. Ukiipiga ndani ya siku 5 za kwanza baada ya joto, mara nyingi haifanyi kitu, maana mwili njano mchanga hausikii. Ikipigwa wakati ufaao, joto huja baada ya siku 2 hadi 5.

23. Dawa hiyo hiyo humtupisha mimba ng'ombe aliyeshika. Na haichagui mnyama: hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Mama mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike kabisa. Ikimwagika mkononi, osha hapo hapo kwa sabuni na maji.

24. Prostaglandini pia ni tiba ya kizazi kilichojaa usaha. Ng'ombe wa namna hiyo huwa na mwili njano usiotaka kufa, kwa kuwa kizazi kilichougua hakitoi amri ipasavyo. Sindano huuondoa, projesteroni hushuka, mlango hufunguka, usaha hutoka, na kinga ya kizazi huamka.

SIKU YA 16

25. Je, wajua kuwa kiinitete kina muda maalumu wa kujitambulisha? Mama hajui kwamba ana mimba mpaka aambiwe. Ikifika siku ya 16 au 17 bila taarifa, kizazi kitaua mwili njano, na kiinitete hai kitapotea pamoja nao. Roger Short aliliwekea jambo hili jina mwaka 1969: mama kuitambua mimba.

26. Taarifa yenyewe hutoka kwenye ghala la kinga. Inaitwa interferoni tau. Interferoni ni jamii ya protini ambazo seli hutoa zinaposhambuliwa na virusi, kuwaonya majirani. Mwaka 1987 ilithibitika kwamba protini inayotolewa na kiinitete cha kondoo ni ya ukoo huo, na ya ng'ombe ikaonekana ni ndugu yake. Ni wanyama wa kucheua tu walio nayo. Nguruwe na farasi wana njia nyingine, na binadamu hutumia homoni ile inayopimwa kwenye mkojo.

27. Haiamshi vita, huzima kengele. Interferoni tau hukizuia kizazi kisiote vipokezi vya oksitosini. Oksitosini inagonga, hakuna anayefungua, mapigo ya prostaglandini hayaji, mwili njano unabaki.

28. Ili kutoa taarifa ya kutosha, kiinitete hurefuka. Siku ya 8 ni kitone cha sehemu ya milimita. Siku ya 13 ni milimita chache. Siku ya 16 kinaweza kuwa uzi wa sentimita 6 au zaidi, na siku ya 19 kikakaribia sentimita 20, bado hakijashika popote kwenye ukuta wa kizazi. Kilichochelewa kurefuka husema kwa sauti ndogo, na mama hasikii.

29. Habari hiyo husikika hadi shingoni. Seli nyeupe za damu zinazochukuliwa kwenye mshipa wa shingo huonyesha, kuanzia siku ya 18 hivi, kwamba zimeguswa na interferoni tau. Watafiti hulitumia hilo kumjua ambaye hakushika, hata kabla siku 21 hazijatimia.

30. Mara nyingi tatizo si mbegu kushindwa kulirutubisha yai. Mayai mengi hurutubishwa, kisha viinitete hufa kimya kimya ndani ya majuma mawili na nusu ya mwanzo. Mfugaji huona ng'ombe karudi kwenye joto kwa tarehe yake, akaambiwa "hakushika", kumbe alishika.

31. Jua kali linaua zaidi siku za mwanzo. Kiinitete cha siku ya kwanza hudhurika kwa joto la hewa ambalo kile cha siku ya tatu kingelivumilia. Kivuli na maji mengi siku ya kupandwa na siku mbili zinazofuata ni sehemu ya uhimilishaji, si anasa.

PACHA

32. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, zaidi ya mara 9 kati ya 10 yule jike huwa tasa. Daktari John Hunter aliwaeleza wanyama hawa mjini London mwaka 1779, na Frank Lillie akaeleza sababu katika miaka ya 1910: mishipa ya makondo ya pacha huungana mapema, na homoni za dume huingia kwenye damu ya dada yake kabla ovari zake hazijajengeka.

33. Unamtambuaje ukitaka kumnunua? Mtazame nyuma. Mara nyingi uke ni mdogo, kinembe kimekuwa kikubwa, na chini yake kuna shada la manyoya marefu. Mhimilishaji akiingiza kijiti laini cha ncha ya mviringo, huishia karibu, maana uke wa ndani haukukamilika. Kaka yake kwa kawaida huweza kuzalisha, ingawa baadhi yao huwa hafifu.

34. Pacha hao waliubadilisha udaktari wa binadamu. Mwaka 1945 Ray Owen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuta kwamba kila mmoja wao hubeba seli za damu za mwenzake maisha yote, na kinga yake haizikatai. Peter Medawar na Rupert Billingham wakapandikiza ngozi kati ya pacha wa ng'ombe. Ngozi ya mwenzake ilishika. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kinga hujifunza tumboni nani ni wake. Medawar na Macfarlane Burnet walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1960, na upandikizaji wa viungo ukapata msingi wake.

KUZAA NA BAADA YAKE

35. Ndama ndiye anayechagua siku ya kuzaliwa. Mimba huchukua siku 280 hivi kwa Friesian, na zebu huongeza siku kadhaa. Zikikaribia kwisha, tezi zilizo juu ya figo za ndama hutoa kotisoli, na kotisoli hulifanya kondo kugeuza projesteroni kuwa estrojeni. Mlango uliofungwa miezi tisa hufunguka. Mont Liggins wa Auckland, New Zealand, ndiye aliyeonyesha jambo hili kwa kondoo katika miaka ya 1960. Aliona pia kwamba wana-kondoo waliozaliwa njiti baada ya kupewa dawa ya jamii hiyo walipumua. Mwaka 1972, pamoja na Ross Howie, alionyesha kwamba dawa hizo huwaokoa watoto njiti wa binadamu.

36. Je, wajua kuwa kondo la nyuma hutolewa kwa msaada wa kinga? Kwa miezi tisa kinga ya mama imelivumilia. Siku ya kuzaa hulitambua kuwa ni geni, na neutrofili huja kulegeza vifundo vinavyolishikilia. Ng'ombe ambao neutrofili zao ni dhaifu kabla ya kuzaa ndio ambao kondo hubaki.

37. Kondo lisipotoka ndani ya saa 24, usilivute kwa mkono wala usilifungie jiwe. Utachana kuta za ndani na kufungua njia ya vijidudu. Mwite daktari wa mifugo, pima homa, na chunguza lishe: upungufu wa seleniamu na vitamini E huidhoofisha kazi ya neutrofili.

38. Karibu kila ng'ombe huingiwa na bakteria kizazini katika majuma mawili baada ya kuzaa. Wengi hujisafisha. Wasioweza huumia mbali na kizazi: sumu ya ukuta wa bakteria kama Escherichia coli husafiri kwa damu hadi kwenye kifuko cha yai. Humo, seli zinazotengeneza estrojeni zina kipokezi cha kinga kiitwacho TLR4. Zikiionja sumu, hupunguza estrojeni. Ovari nayo ina ulimi wa kinga.

39. Ugonjwa wa kiwele nao ni hivyo hivyo. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba karibu na siku ya kupandwa hupunguza nafasi ya kushika, kwa kuwa viashiria vya mchochota huvuruga mmiminiko wa LH na kukidhuru kiinitete.

40. Ndama huzaliwa bila kingamwili za mama, kwani kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Homoni za mwisho wa mimba huzihamisha kutoka kwenye damu hadi kwenye kiwele, ndani ya dang'a. Utumbo wa ndama huzipokea nzima kwa saa 24 tu, na vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza. Kiasi kinachopendekezwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku hiyo.

41. Ndama anayenyonya huchelewesha joto la mama yake. Ng'ombe anayenyonyesha akimtambua wake kwa macho na pua, ubongo hupunguza mapigo ya LH. Ndama wa mwenzake hana nguvu hiyo. Njaa hufanya vivyo hivyo: mama aliyekonda huwa na homoni za insulini na IGF-1 kidogo, na ovari husimama. Kwa hiyo kabla ya kununua sindano, angalia hori.

KINGA IKIGEUZIWA HOMONI

42. Ipo chanjo ya kuhasi. Mnyama huchanjwa dhidi ya GnRH yake mwenyewe, kingamwili huikamata njiani, na korodani au ovari hulala bila kisu. Kinga ikififia, uzazi huweza kurudi.

43. Na ipo kinyume chake. Majike waliochanjwa dhidi ya inhibini, ile homoni inayoizuia FSH, huachia mayai zaidi ya moja.

ZIZINI KWETU

44. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, Kenya, kilianzishwa mwaka 1946. Cha Tanzania kiko Usa River, Arusha. Mbegu huhifadhiwa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji akifungua mtungi wake akachezeachezea mirija nje kwa dakika nzima, mbegu zimeharibika hata kama lebo ni ya dume bora.

45. Maziwa yanaweza kusema kama ng'ombe kashika. Siku ya 21 hadi 24 baada ya kupandwa, projesteroni ikiwa chini katika maziwa, karibu kila mara hana mimba. Ikiwa juu, huenda anayo. Thibitisha baadaye kwa kupapasa au kipimo kingine.

46. Bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, Brucella abortus, hulipenda kondo la ng'ombe kwa sababu lina erithritoli, sukari wanayoitumia kuzaliana. Kondo na kijusi kilichotupwa vishikwe kwa glavu, vifukiwe, mbwa asivile; na maziwa yachemshwe.

47. La mwisho ni la bei ya kalamu. Tuseme ng'ombe ameonekana kwenye joto alfajiri ya 1 Machi: apandwe jioni hiyo. Yai litatoka kesho yake. Damu, ikiwepo, utaiona kati ya tarehe 2 na 4. Kati ya tarehe 16 na 19 kiinitete kinatoa taarifa yake, basi asisafirishwe wala asibadilishiwe chakula ghafla. Kuanzia tarehe 19 hadi 25 mwangalie asubuhi, jioni na mara moja usiku. Akitulia, mpime baada ya mwezi. Akirudi, una tarehe za kumpa daktari, na daktari mwenye tarehe hapigi sindano ya kubahatisha.